Mtoto Mwenye Usonji, Choo na Mlango wa Shule



Tunapozungumza juu ya haki ya mtoto kusoma, tunataja karo, sare, daftari na madawati. Ni mara chache tunataja choo. Hata hivyo, kwa mtoto mwenye usonji, hali ambayo kwa Kifaransa huitwa autisme, mara nyingi choo ndicho kinachoamua kama atabaki darasani au atarudishwa nyumbani. Mtoto hupokelewa, baada ya siku chache anajichafua, wenzake wanacheka, mama anaitwa na kuambiwa amrudishe atakapokuwa tayari. Nani atamwandaa, hakuna anayesema. Tungependa kutafakari pamoja nanyi namna watu walivyolikabili jambo hili tangu zamani, kwa maana historia hiyo inatuonya na kutufundisha.

Tuanzie kwetu. Kambove ni mji wa shaba. Kampuni ya Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, ilijenga kambi za wafanyakazi katika Katanga, na kuanzia miaka ya 1920 iliwahimiza wafanyakazi kukaa humo pamoja na wake na watoto wao. Shule za watoto hao zilikabidhiwa kwa wamisionari Wakatoliki. Usafi wa nyumba ulikaguliwa, kwa sababu maradhi yalipunguza kazi ya mgodi. Nidhamu hiyo iliokoa maisha ya wengi, nasi tunaishukuru. Lakini ilituachia pia wazo moja zito: kwamba usafi wa mwili ni sharti la kuingia shuleni, wala si jambo linaloweza kufundishwa shuleni. Katika wazo la namna hiyo, mtoto asiyeweza kutawala haja zake hana nafasi.

Mwaka 1943, daktari Leo Kanner, aliyefanya kazi Baltimore huko Marekani, alieleza habari za watoto 11 waliopenda upweke, waliosumbuka kila utaratibu wao ulipobadilika, na ambao baadhi yao hawakusema kabisa. Tangu hapo usonji ukajulikana kwa jina. Lakini kujua jina la jambo si kulielewa. Bruno Bettelheim, aliyeongoza shule ya watoto huko Chicago, alitoa kitabu mwaka 1967 akishikilia kwamba chanzo cha usonji ni ubaridi wa wazazi, hasa mama. Wanawake wengi walibeba lawama hiyo kwa machozi. Bernard Rimland, mwanasaikolojia aliyekuwa baba wa mtoto mwenye usonji, alikuwa amekwisha kuandika mwaka 1964 kwamba chanzo ni cha mwili wenyewe, tangu ukuaji wa ubongo. Utafiti uliofuata ulimpa haki yeye, wala si Bettelheim.

Sisi wa Kongo tusiwacheke watu wa Chicago. Wao walimshtaki mama. Kwetu mara nyingine hushtakiwa mtoto mwenyewe, akaitwa mlozi kwa sababu hasemi, hamtazami mtu usoni, na hujisaidia popote. Katiba yetu ya mwaka 2006, katika kifungu cha 41, imekataza kumshtaki mtoto uchawi, na sheria ya ulinzi wa mtoto ya tarehe 10 Januari 2009 inamwadhibu mwenye kufanya hivyo kwa kifungo. Wala tusidanganyike kwamba usonji ni ugonjwa wa Wazungu. Mtafiti Victor Lotter alichapisha mwaka 1978 habari za watoto wenye usonji aliowakuta katika nchi kadhaa za Afrika, jirani zetu wa Zambia wakiwa miongoni mwao.

Baada ya lawama ulikuja wakati wa mazoezi makali. Mwaka 1971, Nathan Azrin na Richard Foxx walieleza jinsi walivyowafundisha choo watu wazima tisa wenye ulemavu mkubwa wa akili, waliokuwa wakiishi katika hospitali huko Marekani. Watu hao walinyweshwa vinywaji vingi, walipelekwa chooni kila baada ya muda mfupi, na walipofaulu walipewa zawadi papo hapo. Kwa siku chache tu walipata maendeleo makubwa. Hili lilikuwa jambo la heri: watu waliohesabiwa kuwa hawafundishiki walijifunza. Lakini njia hiyo ilikuwa na makaripio na adhabu pia. Walimu waliofuata walishika saa na zawadi, na wengi wao wakaacha adhabu, kwa sababu mtoto anayeogopa hukaza mwili wake, na choo chenyewe kinakuwa adui.

Hatua nyingine ilitoka North Carolina. Mwaka 1972, Eric Schopler, aliyekuwa amesoma Chicago na kuyakataa mafundisho ya Bettelheim, alianzisha mpango wa jimbo zima ambamo wazazi walifanywa wenzi wa walimu badala ya kushtakiwa. Mpango huo ulitambua kwamba watoto wengi wenye usonji huelewa wanachokiona kuliko wanachoambiwa, kwa hiyo uliwaonyesha kazi kwa picha na kwa utaratibu usiobadilika. Afrika ya Mashariki nayo haikubaki nyuma: jijini Nairobi, kitengo cha watoto wenye usonji kilifunguliwa mwaka 2003 ndani ya City Primary School, shule ya kawaida ya serikali, kwa juhudi za wazazi.

Sisi tuliosomea ualimu tulifundishwa kwenda kutoka jambo jepesi hadi jambo gumu. Kanuni hiyo inatosha kuanzia. Kwanza mtoto apimwe na mganga, kwa maana kufunga choo na maradhi ya mkojo huharibu kila juhudi. Kisha itazamwe sababu ya woga wake: pengine ni giza la choo, harufu, shimo lenyewe, au sauti ya maji. Wazazi na mwalimu waandike kwa siku kadhaa saa anazojisaidia, ndipo apelekwe kabla ya saa hizo. Kazi igawanywe: kuingia, kushusha nguo, kuchuchumaa, kujisafisha, kuvaa, kunawa. Kila hatua ichorwe kwenye karatasi na kubandikwa ukutani. Asiyesema apewe kadi ya kuonyesha anapohitaji kutoka. Neno la nyumbani na la shuleni liwe moja. Akifaulu apewe sifa mara moja. Akijichafua asafishwe kwa upole, faraghani, bila kelele. Huenda ikachukua miezi, hata miaka.

Mlango wa sheria umekwisha kufunguliwa. Elimu ya msingi katika shule za umma ilianza kutolewa bure mwezi Septemba 2019, na sheria ya tarehe 3 Mei 2022 inalinda haki za watu wenye ulemavu. Shule za Kikatoliki zilizo chini ya mapatano ya mwaka 1977 kati ya Serikali na Kanisa zimo ndani ya wajibu huo. Lakini sheria haichoti maji, wala haitengenezi mlango wa choo. Hapo ndipo mikono yenu inapohitajiwa: kukarabati choo kiwe na mwanga na kitasa, kuweka ndoo na sabuni, kuchora picha, na kukomesha kicheko uwanjani. Kumwingiza mtoto chooni kubaki kazi ya mzazi, au ya mtu mzima aliyekubaliwa na mzazi pamoja na shule, ili heshima na usalama wa mtoto ulindwe.

Mwezi Novemba 2014, Papa Fransisko aliwapokea Vatikani watu wenye usonji pamoja na jamaa zao, akawakumbatia baadhi yao. Na kabla ya hapo, usiku wa karamu ya mwisho, Bwana wetu alijifunga kitambaa kiunoni na kushika kazi ya mtumishi wa chini kabisa, kuosha uchafu wa miguu ya wengine. Hakuwaambia wanafunzi warudi watakapokuwa safi.

Maswali ya kutafakari katika kikundi:
1. Katika mtaa wetu, ni mtoto gani asiyeonekana shuleni wala kanisani, na nani kati yetu amewatembelea wazazi wake?
2. Choo cha shule ya parokia yetu kikoje leo? Mtoto mwenye woga angeweza kukiingia?
3. Tukisikia mtoto anaitwa mlozi, tutasema nini, na tutamwendea nani?