Mtihani wa uraia wa Marekani: ulitoka wapi, na unatuhusu nini sisi tulio kambini



Wenzetu waliohamishiwa Marekani kabla safari hazijasimamishwa Januari 2025, wengi wamefika au wanakaribia kufika miaka mitano kule. Ndiyo maana usiku simu zetu zinajaa sauti: "Maseneta ni wangapi vile?" "Nani aliandika Tangazo la Uhuru?" Wanajiandaa kwa mtihani wa uraia. Na hapa Nyarugusu vijana wengine wanauliza, huo si mtihani wao? Sisi unatuhusu nini?

Unatuhusu sana. Mtu mwenye grini kadi anaweza kumwombea mke au mume wake, na mtoto ambaye hajaoa wala kuolewa. Baba na mama, hapana. Kumwombea mzazi lazima uwe raia na uwe umetimiza miaka 21. Kaka na dada ni vilevile. Yaani kuna mama hapa kambini ambaye tumaini lake la kuungana na wanawe linapitia kwa kijana anayefanya kazi ya usiku kule, na kusoma maswali akiwa kwenye basi.

Sasa tuingie kwenye historia yenyewe.

Sheria ya kwanza ya uraia Marekani ilitungwa mwaka 1790. Haikuwa na mtihani wa maswali. Ilitaka mtu awe amekaa nchini miaka miwili, awe na tabia njema, na awe "mtu mweupe aliye huru". Mwaka 1795 miaka ikaongezwa ikawa mitano, na hiyo mitano ndiyo wenzetu wanaihesabu mpaka leo. Mtu mweusi hakuwa na nafasi kabisa. Mlango huo ulifunguliwa mwaka 1870, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe na utumwa kukomeshwa, sheria iliporuhusu watu wenye asili ya Afrika kuomba uraia.

Lakini Waasia waliachwa nje. Takao Ozawa alizaliwa Japani, akaishi Marekani miaka 20, akasoma kule, na nyumbani kwake walizungumza Kiingereza. Mwaka 1922 Mahakama Kuu ilimkatalia, kwa sababu si mweupe. Kumbe siku zile ungeweza kujua kila kitu na bado rangi ikakuangusha. Kizuizi cha rangi kiliondolewa kabisa mwaka 1952 tu.

Na maswali yalianzaje? Zamani uraia ulitolewa na mahakama mbalimbali, na kila jaji aliuliza anavyotaka. Mwaka 1906 serikali kuu iliweka utaratibu mmoja, na kuanzia hapo mwombaji alitakiwa azungumze Kiingereza. Mwaka 1950, wakati wa hofu ya ukomunisti, sheria ikaongeza kusoma na kuandika Kiingereza, pamoja na kujua historia na misingi ya serikali. Hata hivyo maafisa waliendelea kutofautiana. Mtihani wa kufanana nchi nzima tunaoujua sisi ulianza Oktoba 2008: maswali 100 ya kujifunza, unaulizwa 10, unapata 6 umepita. Waliotuma maombi kuanzia tarehe 20 Oktoba 2025 wana mtihani mpya: maswali 128, unaulizwa 20, unatakiwa upate 12. Kwa hiyo kabla ya kumsaidia ndugu yako, muulize kwanza alituma maombi lini. Usimfundishe ule usio wake.

Mtihani wenyewe ni wa mdomo, mbele ya afisa. Kuna pia sentensi za kusoma na za kuandika: katika tatu, ukiipata moja inatosha. Ukianguka, unaitwa mara ya pili kati ya siku 60 na 90, kwa sehemu ile tu uliyoanguka.

Wazee wetu hawajasahauliwa kabisa. Mwenye miaka 55 aliyekaa na grini kadi miaka 15, au mwenye miaka 50 aliyekaa nayo miaka 20, hafanyi sehemu ya Kiingereza. Anaulizwa historia kwa lugha yake, hata Kiswahili, akiwa na mkalimani. Mwenye 65 na miaka 20 ya kadi anapewa maswali machache zaidi ya kujifunza. Lakini angalia hesabu: bibi aliyefika na miaka 60, hata akifunga mitano, bado ana miaka kumi ya kungoja msamaha wa lugha. Hapo ndipo familia zinaumia. Mama ambaye vita vilimnyima darasa Fizi au Uvira anaambiwa aandike Kiingereza uzeeni. Kwa mgonjwa ambaye ugonjwa au ulemavu unamzuia kujifunza kuna fomu ya daktari, na wengi hawaijui.

Karibu nasi hapa Tanzania mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Warundi waliokimbia mwaka 1972, wakakaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, zaidi ya 162,000 walikubaliwa uraia, na vyeti vilianza kugawiwa mwaka 2014. Wao walitakiwa kuacha uraia wa Burundi. Walisubiri zaidi ya miaka 40. Basi tusiseme kwamba penye mtihani pana ugumu na pasipo mtihani ni rahisi. Kila nchi ina geti lake.

Kwenye orodha ya Marekani kuna swali hili: ni watu gani walipelekwa Amerika wakauzwa kama watumwa? Jibu ni Waafrika. Sisi tunaona wenzetu wasilikariri hilo kama kasuku. Wajue kwamba mwaka 1790 mtu wa rangi yetu hakuruhusiwa hata kuomba, na kwamba kuna waliopigana mpaka leo sisi tukaruhusiwa kuulizwa swali.

Kwa hiyo akikupigia ndugu usiku, pokea. Muulize matano, mrekebishe, kesho mengine matano. Katika 128 haifiki mwezi, mmeyamaliza yote pamoja.