Kimisagara: Mlima Ulitangulia Nyumba

Ukipanda kutoka stendi ya Nyabugogo kuingia Kimisagara, maji ya Mpazi yakinguruma mferejini kila mvua inyeshapo, mlima unaokukabili ndio Kigali wenyewe. Jioni jua huzama mapema nyuma yake, nasi huku chini tunawasha taa kabla ya wenzetu wa Kacyiru. Jina la mji limetoka hapo. Masimulizi ya kale yanalihusisha na mfalme Cyirima Rugwe, karne nyingi kabla ya Mzungu yeyote kufika.

Ndiyo maana hunikera kusikia kwamba Kigali ilianzishwa 1907 na Richard Kandt, Mjerumani ambaye nyumba yenye jina lake kule Nyarugenge leo ni makumbusho. Kandt alifungua ofisi. Alikuta ufalme wenye mwami, machifu, jeshi na ushuru, na Wajerumani wakatawala kwa kupitia ufalme huohuo.

Anayekubali kwamba mji ni zawadi ya Kandt atakubali pia kwamba uhuru ni zawadi ya Ubelgiji. Mwaka 1931 Wabelgiji, walioshika nafasi ya Wajerumani, walimng'oa Mwami Musinga, wakamsimika mwanawe Rudahigwa. Miaka hiyo ya 1930 wakaanza kuandika kabila la mtu kwenye kitambulisho. Februari 1957 Baraza Kuu la Nchi likadai Wanyarwanda waandaliwe haraka kujitawala. Tarehe 24 Machi, Grégoire Kayibanda na wenzake wanane wakatoa Ilani ya Bahutu: dhuluma ya ndani iondolewe kwanza. Malalamiko yao yalikuwa ya kweli, na wanaoyapuuza wanakosea. Lakini mkoloni aliyewagawa ndugu hakuwa na haki ya kubaki ili awasuluhishe.

Hoja ya udogo wa nchi nayo ilitolewa. Umoja wa Mataifa ulitamani Rwanda na Burundi ziwe dola moja, kana kwamba hazikuwa na wafalme wao tangu kale. Ndoa ile zilifungishwa na wageni, na tarehe 1 Julai 1962 kila moja ikashika njia yake. Kigali, kimji kidogo kuliko Butare, kikawa makao makuu. Yaliyofuata hadi 1994 dunia inayajua.

Walimu wa Kimisagara, mnapofika kwenye somo la mji wetu, watoeni watoto nje ya darasa muwaonyeshe mlima. Makumbusho wapelekeni baadaye.