Kubisha baharini, kubisha barazani

Agosti hii tulitweka tanga Lamu kuelekea Siyu, abiria sita na nahodha na kijana wake, bila haraka yoyote. Kusi ilikuwa inavuma mgongoni, nasi tukala maembe na kupiga soga. Tulipofika Mkanda, ule mlango mwembamba kati ya Manda na bara, chombo kikasimama. "Tungojee mai," akasema nahodha, maana Waamu hawaitamki ile j ya maji. Tukangoja kando ya mikoko hadi maji yakajaa.

Kungoja huko si jambo la watalii tu. Siyu, mji uliosifika kwa wanazuoni wake na mafundi wa ngozi na mbao, umejificha ndani ya mikoko. Chombo huusogelea kwa hisani ya maji. Katika miaka ya 1840 jeshi la Sayyid Said wa Zanzibar liliushambulia likashindwa vibaya, na mji haukutiishwa hadi 1863, enzi za Sultani Majid. Ngome ingali pale, lakini mimi naamini ule mkondo wa tope nao ulikuwa askari.

Siku ya kurudi nahodha alitutangazia, "Leo tutabisha." Mwenzetu mmoja wa Nairobi akauliza, "Tubishane na nani tena?" Tulicheka, kumbe swali lake lilikuwa zuri. Chombo cha tanga hakiwezi kuukabili upepo uso kwa uso. Huenda mshazari upande huu, kikageuza tanga, kikaenda mshazari upande ule, kikijipatia hatua chache kila mara. Huko ndiko kubisha, na upepo unaotoka mbele huitwa upepo wa bisho. Mbishi wa barazani naye, ukimtazama vizuri, hafanyi tofauti.

Wenye vyombo vikubwa vya zamani hawakupenda kubisha safari nzima. Mtepe, ulioshonwa kwa kamba za kumbi na kubeba tanga la mkeka la pembe nne, ulihitaji upepo wa kuufuata. Hata majahazi ya tanga la pembe tatu yalifuata msimu: kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi, iliwaleta wafanyabiashara wa Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, kusi ikawarudisha. Katikati kulikuwa na tanga mbili, majira ambayo chombo kingeweza kwenda huku au kule. Aliyekosa upepo alikaa miezi. Akaoa, akakopesha, akafundisha, akabishana. Ndivyo maneno ya Kiajemi kama nahodha na bandari yalivyopata wenyeji wa kuyalea.

Sisi wa bara huandika kila siku kwamba mambo yameenda mrama, na wangapi kati yetu wamewahi kuhisi mrama wenyewe, chombo kikiyumba ubavu hadi ubavu? Jioni ile tuliuhisi. Kijana alitaka kuwasha mashine. Siku hizi vyombo vingi vinayo, na mashine haina haja ya kubisha. Nahodha akamkatalia, akamkabidhi kamba ya tanga. Tulifika Lamu baada ya Magharibi, tumelowa chapachapa.

Nyumbani nilifungua kamusi ya shule ya mwanangu. Kubisha mlango ilikuwamo, na kubisha kwa maana ya kupinga. Ya tatu nimeiandika kwa kalamu pembeni.