Kwa nini tulizoea laini mbili?

Msomaji wa Nachingwea na Ruangwa, kwa nini watu wengi huku walizoea kutembea na laini mbili? Jibu lina historia.

Hadi 1993 simu na posta zilikuwa chini ya shirika moja la serikali. Likagawanywa, TTCL ikazaliwa. Mwaka 2001 serikali ilipouza 35% ya hisa, TTCL ikapewa miaka minne ya kuwa peke yake kwenye simu za mezani. Ukiritimba halali kabisa! Ila simu za mkononi zilishaanza kuupita pembeni.

M-Pesa ilipokuja 2008, ukuta ukahama. Mkulima wa korosho yuko mtandao huu, mwanawe mtandao ule, basi pesa haiingii moja kwa moja kwenye akaunti ya mwenzake. Kila mtu anafuata walipo wenzake. Mtandao mdogo, hata ukiwa na bei nzuri, unakosa wateja.

Sheria ya Ushindani ya 2003 haisemi ukubwa ni kosa. Kosa ni kampuni yenye sehemu kubwa ya soko na uwezo wa kubana ushindani kuutumia vibaya. Lakini ukuta huu haukuvunjwa na hukumu. Tigo, Airtel na Zantel walianza kuunganisha huduma zao 2014. Vodacom, mwenye wateja wengi zaidi, akaingia 2016. Haishangazi: ukuta ukianguka, mkubwa ndiye mwenye cha kupoteza.

Kwa hiyo ukiletewa huduma mpya ya simu, usiulize bei tu. Uliza pia: siku nikiihama, nitaondoka na nini?