Kwa Nini Kisangani Idai Bwawa la Kuogelea la Umma

Anayedai bwawa la kuogelea la umma Kisangani hujibiwa kwanza kwa kicheko. Mji umekaa kando ya Mto Kongo, mara baada ya poromoko la mwisho kati ya yale saba ya Boyoma. Mto Tshopo unapita upande wake wa kaskazini, na mvua hunyesha karibu mwaka mzima. Bwawa la nini tena? Makala haya yanashikilia kwamba wanaocheka wanachanganya mambo mawili: kuwa na maji, na kuwa na mahali ambapo mtoto anaweza kuyazoea akiangaliwa na mtu mzima aliyefunzwa. La kwanza Kisangani inalo kwa wingi wa kutisha. La pili ni huduma, na huduma hudaiwa, hutengewa fedha na hutunzwa.

Wenye kubeza huwataja Wagenia, nao wana haki ya kuwataja. Kwenye maporomoko yaliyo pembeni tu mwa mji, wavuvi hao hukita nguzo ndefu katika mianya ya miamba, huzifunga kwa kamba za mitambaazi ya msituni, kisha huning'iniza vikapu vikubwa vyenye mdomo mpana na mkia mwembamba, ambavyo mkondo wenyewe huvisukumia samaki. Anayeshuka kukagua kikapu pale, povu likimrukia usoni na kamba ikiteleza mkononi, alianza kuyajua maji akiwa mtoto mdogo. Lakini ujuzi huo ni mali ya ukoo na ya kazi. Hupewa mtoto anayemfuata baba yake kwenye mtumbwi. Binti wa komini ya Mangobo ambaye baba yake huendesha toleka, yaani baiskeli ya kubeba abiria, na mama yake huuza mikate ya muhogo ya chikwange hana mjomba wa kumshika mkono majini, ingawa naye atavuka mto kwenda Lubunga kama watu wengine wote. Kusema kwamba watu wa Kisangani ni watu wa mto ni kuwapa wakazi wote sifa ya wachache, kisha kuitumia sifa hiyo kuwanyima huduma.

Tuyaangalie basi maji yenyewe. Mto mkubwa una mkondo ambao hata mwenye kujua kuogelea huuheshimu, na karibu na maporomoko hakuna mwalimu mwenye akili timamu atakayemwingiza mwanafunzi wa siku ya kwanza. Kinachobaki ni vijito na madimbwi yaliyotulia, na huko ndiko watoto wanakokwenda kucheza. Hapo lakini kuna tatizo jingine, lenye historia ndefu ya kitabibu. Mwaka 1934 mtafiti A. C. Fisher alichapisha uchunguzi wake juu ya kichocho katika wilaya ya Stanleyville, kama Kisangani ilivyoitwa wakati huo, na kutoka humo sayansi ikapata spishi mpya ya kimelea, Schistosoma intercalatum, kinachosababisha kichocho cha utumbo. Kimelea hicho hubebwa na konokono wa jenasi ya Bulinus, ambao hupenda maji yaendayo polepole. Tazama mtego ulivyotegwa: maji yenye kasi huzamisha, na maji yenye utulivu wa kutosha kwa mwanafunzi ndiyo makazi ya konokono. Kati ya hayo mawili hakuna darasa la asili.

Kuna kisa cha pembeni kinachofaa kutajwa. Mwaka 1951 mwongozaji John Huston alipiga sehemu ya filamu ya The African Queen kwenye mto Ruiki, upande wa Ponthierville, ambayo leo ni Ubundu. Picha ambazo Humphrey Bogart na Katharine Hepburn wanaonekana wakiwa ndani ya maji hazikupigwa huko. Zilipigwa katika matangi ya studio ya Isleworth, Uingereza, kwa sababu za usalama. Waigizaji walijengewa bwawa ili wajifanye wamo mtoni. Watoto wa kandokando ya mto waliendelea kuingia mtoni wenyewe.

Uamuzi wa nani apewe maji salama na nani aachiwe mto una jiografia yake. Miji ya Kongo ya Kibelgiji ilipangwa kwa kutenga makazi ya Wazungu na ya Waafrika, na mabwawa ya kuogelea yalikuwa sehemu ya maisha ya klabu za Wazungu. Uhuru uliondoa katazo, lakini haukuligeuza bwawa kuwa huduma ya umma. Bwawa lilihamia hotelini, na bei ya mlangoni ikashika nafasi ya mpaka wa mtaa. Hali hii si ya Kisangani peke yake. Éric Moussambani, aliyeiwakilisha Guinea ya Ikweta katika Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 na kumaliza mita 100 kwa dakika 1 na sekunde 52.72, alikuwa amejifunzia katika bwawa la hoteli mjini Malabo, mji ulio kisiwani kando ya bahari. Dunia ilimcheka, halafu ikampenda. Wachache waliuliza kwa nini nchi nzima ilitegemea hoteli.

Je, bwawa litaokoa maisha? Hapa wanaharakati wanapaswa kusema kweli, kwa sababu chumvi ikizidi katika hoja, mwenye kupinga ataitema yote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka mitano. Hao bwawa haliwasaidii. Kinachowasaidia ni uangalizi nyumbani na kufunikwa kwa visima. Bwawa haliwezi pia kuzuia mashua kujazwa kupita kiasi. Mwezi Aprili 2025 mashua HB Kongolo ilishika moto karibu na Mbandaka, na watu wasiopungua 148 waliripotiwa kufa. Tatizo la kwanza pale lilikuwa usalama wa chombo. Hata hivyo, ripoti za tukio zilieleza kwamba wengi walijirusha mtoni bila kujua kuogelea. Hapo ndipo mafunzo yanapoingia, kama kinga moja kati ya kadhaa. Shirika hilohilo linayaweka mafunzo ya msingi ya kuogelea kwa watoto wa umri wa shule katika orodha yake ya hatua sita, pamoja na sheria za vyombo vya majini na kufundisha watu wa kawaida kuokoa na kuhuisha aliyezama.

Mtu atasema: Bangladesh walifundisha watoto katika mabwawa ya vijijini kwa kujenga majukwaa ya mianzi majini, na Nungwi, Zanzibar, mradi wa Panje ulifundisha wasichana baharini wakiwa wamevaa mavazi ya stara. Kwa nini sisi tuhitaji saruji? Jibu ni konokono na mkondo. Nungwi wana maji ya chumvi yenye kina kifupi kando ya ufuo, ambamo kichocho hakiishi. Tunachopaswa kuiga kutoka kwao ni walimu. Wote wawili waliwafunza wenyeji kuwa walimu kabla ya kufikiria vigae.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu maji ya kunywa. Ibara ya 48 ya Katiba ya 2006 inahakikisha haki ya maji safi na umeme, na kila mkazi anajua umbali uliopo kati ya ibara hiyo na bomba lake. Bwawa la mita 25 kwa 12.5, lenye kina cha wastani cha mita 1.4, hubeba lita 437,500. Kwa lugha ya mama mwenye ndoo kichwani, hayo ni madumu 21,875 ya lita 20. Kuyachota kutoka kwenye mtandao wa shirika la maji la REGIDESO, unaotegemea Mto Tshopo, kungekuwa dhuluma, na kampeni inayopendekeza hivyo inastahili kushindwa. Lakini Kisangani hupata takriban milimita 1,700 za mvua kwa mwaka. Mvua inayoangukia eneo la bwawa hilo peke yake kwa mwaka ni zaidi ya lita 530,000 kabla ya kutoa zinazopotea kwa mvuke, na bado hatujahesabu mapaa ya vyumba vya kubadilishia nguo wala ya shule jirani. Maji ya bwawa huchujwa na kutumika tena. Hayamwagwi kila jioni. Bwawa lenye tangi la mvua na kisima chake, na bomba la umma nje ya ukuta, litaongeza maji mtaani.

Gumu ni kuliendesha. Bwawa hufa pampu inaposimama. Katika mji ambao hitilafu kwenye kituo cha umeme cha Tshopo huacha mitaa gizani, pampu isiyo na sola ni hukumu iliyokwisha kuandikwa. Klorini, vichujio, mishahara ya walimu na ya waokoaji hulipwa kila mwezi, na wafadhili wanaopenda kukata utepe hawapendi kulipa klorini. Kwa hiyo dai lianze na mstari katika bajeti ya komini, halafu ndipo lije jiwe la msingi. Sheria ya kikaboni namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 imeipa komini nafsi ya kisheria. Desemba 2023 wakazi wa miji mikuu ya majimbo walipiga kura kuchagua madiwani wa komini, ambao wanaweza kuulizwa juu ya fedha za komini. Fedha zinazotoka juu huchelewa na hupungua njiani, hilo linajulikana. Ndiyo sababu zaidi ya kuwa na mstari unaoonekana, ili upungufu nao uonekane.

Wapo watakaozinyooshea mkono fedha za fidia ya vita. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325, na mfuko wa FRIVAO, wa kuwafidia waathirika, ukawekewa makao Kisangani, mji uliopigwa mizinga kwa siku sita mwezi Juni 2000. Fedha hizo zina wenyewe. Kampeni ya bwawa isizisogelee hadi mjane wa mwisho na majeruhi wa mwisho walipwe.

Mahali pa bwawa pawe katika komini ya Mangobo, Kabondo au Lubunga, si Makiso penye hoteli. Asubuhi za siku za shule ziwe za wanafunzi bila malipo, na wasichana wawe na saa zao pamoja na walimu wa kike. Kabla ya ramani yoyote, wahudumu wa afya wa jamii waandike kila kifo cha maji katika kila eneo la afya kwa mwaka mmoja mzima, maana wanaozama na kuzikwa bila kupita hospitali hawamo katika daftari lolote, na diwani hawezi kubishana na daftari.

Njia ya kisheria ipo tayari. Ibara ya 27 ya Katiba inampa kila Mkongomani, peke yake au pamoja na wenzake, haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma, na inaitaka mamlaka hiyo ijibu ndani ya miezi mitatu, bila mtu kushitakiwa kwa kuomba. Ombi liandikwe kwa Kifaransa, Kiswahili na Lingala, liwe na kiasi cha fedha za uendeshaji kwa mwaka, lipelekwe kwa mkuu wa komini na nakala kwa meya, na nakala ya waombaji igongwe muhuri wenye tarehe ya kupokelewa.