Mheshimiwa wa 1957 Ambaye Hatumtaji

Wadau, nikiuliza Mwafrika wa kwanza kuchaguliwa kwa kura kutuwakilisha huku Mlima Kenya ni nani, wengi mtasema Eliud Mathu. Zii. Mathu aliingia Baraza la Kutunga Sheria mwaka 1944 kwa kuteuliwa na gavana. Aliyechaguliwa ni Bernard Mate, mtu wa Meru, Machi 1957. Na kati ya aliowabwaga alikuwa Mathu mwenyewe.

Kiti chake kilikuwa Mkoa wa Kati wote: Kiambu, Murang'a, Nyeri, Embu mpaka Meru. Kagio yetu ilihesabiwa chini ya Embu, maana Kirinyaga haikuwa wilaya bado. Leo tunalia kwamba MCA hafiki kijijini!

Sasa, alishindaje? Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952 ilikuwa bado inaendelea. Kwa Mkikuyu, Mwembu au Mmeru, kusoma au kuwa na mali hakukutosha kupata kura. Ulihitaji pia cheti cha uaminifu, cha kuonyesha kwamba hukuwa upande wa Mau Mau. Wakikuyu wengi wakafungiwa nje, Meru ikabaki na wapiga kura wengi, na mtu wa Meru akashinda. Hesabu rahisi. Kichekesho kichungu ni kwamba mwenye sifa nyingi aliweza kuwa na hadi kura tatu, na jirani yake hana hata moja.

Mwaka huo huo, hapo tu Mwea, kambi zilikuwa zimejaa wafungwa wa Mau Mau. Mifereji ya mashamba ya mpunga, hii pishori tunayojivunia, ilianza kuchimbwa kwa mikono yao. Hao hawakuulizwa wanamtaka nani.

Ndiyo maana wengine humwita Mate mheshimiwa wa vyeti. Mimi naona tunamwonea. Sheria ile hakuitunga yeye. Waafrika waliochaguliwa mwaka huo walikuwa 8: Odinga, Mboya, Moi, Ngala, Muliro, Muimi, Oguda na yeye. Kuingia tu, wakaikataa Katiba ya Lyttelton, wakakataa uwaziri, wakadai viti 15 zaidi. Kama angekuwa kibaraka, hapo ndipo angejitenga na wenzake akachukua cheo. Hakujitenga.

Wakoloni walikubali viti 6 pekee, na 1958 Mkoa wa Kati ukagawanywa. Nyeri na Embu wakampata Jeremiah Nyagah, huko kusini akaingia Julius Kiano. Mboya ana barabara na sanamu Nairobi. Moi tulisoma habari zake tangu shule ya msingi. Mate je?

Kama kwenu kuna cucu au guka aliyekuwa kijana 1957, muulize kama nyumbani kwao kuna aliyepewa kile cheti, na nani alinyimwa. Usishangae akinyamaza kwanza.