Uhamasishaji wa vyuo vikuu katika shule za Uingereza

Uhamasishaji wa vyuo vikuu ni kazi inayofanywa na vyuo vya Uingereza katika shule za sekondari, kwa lengo la kuwavuta kwenye elimu ya juu watoto wa familia ambazo hazijawahi kuwa na mhitimu. Hufanyika kwa ziara, kambi za kiangazi, masomo ya ziada na msaada wa kuandika maombi. Mpango wake mashuhuri, Aimhigher, ulidumu kuanzia mwaka 2004 hadi 2011. Jina hilo, maana yake "lenga juu zaidi", lilibeba imani ya waasisi wake kwamba anachopungukiwa mtoto wa maskini ni shauku. Imani hiyo ndiyo iliyokuja kupingwa kuliko sehemu nyingine yoyote ya mpango.

Chimbuko

Mwaka 1873 Chuo Kikuu cha Cambridge kilianza kupeleka wahadhiri wake mijini kufundisha watu wazima, chini ya James Stuart. Mwaka 1884 Toynbee Hall ilifunguliwa mashariki mwa London, wasomi wakakaa humo katikati ya mitaa ya mafukara. Vijana wa shule hawakuwa walengwa.

Ripoti ya Robbins ya mwaka 1963 ilitaka kila mwenye uwezo na sifa apate nafasi. Miaka hiyo vyuo vipya vilichipuka, Sussex, York na Warwick vikiwa miongoni mwao, lakini waliozifaidi zaidi nafasi hizo walikuwa watoto wa tabaka la kati.

Aliyeleta mtindo wa sasa hakuwa waziri. Mwaka 1997 Peter Lampl, mfanyabiashara aliyesoma Oxford na kutajirika kwa uwekezaji, alianzisha Sutton Trust, na mwaka huohuo taasisi hiyo ikagharimia kambi ya kiangazi Oxford kwa vijana wa shule za serikali. Dawa ilikuwa rahisi mno: mlete mtoto alale bwenini, ale kantini, aketi katika ukumbi wa mihadhara, aone kwamba mwanafunzi wa chuo ni mtu kama yeye.

Miaka ya Aimhigher

Mwaka 1999 Waziri Mkuu Tony Blair alitangaza shabaha ya kuwafikisha nusu ya vijana kwenye elimu ya juu kabla hawajatimiza miaka 30. Mwaka uliofuata ulizuka mzozo uliotawala magazeti kwa wiki kadhaa. Msichana wa shule ya serikali kaskazini mwa Uingereza, mwenye alama nzuri mno, alikataliwa kusomea udaktari katika Chuo cha Magdalen, Oxford, kisha akapata nafasi Harvard. Gordon Brown, waziri wa fedha, aliituhumu Oxford hadharani kwa ubaguzi wa kitabaka. Oxford ilijibu kwamba waombaji wengine waliokosa nafasi hizo chache nao walikuwa hodari. Hoja ilikuwa na uzito, ila ilikuja wakati wananchi wengi walikwishaamua nani mkosaji.

Mpango wa kwanza wa serikali ulianza mwaka 2001, na mwaka 2004 ukaunganishwa na mwingine kuwa Aimhigher. Vyuo, shule na halmashauri za kila eneo vilifanya kazi kwa ubia. Wanafunzi wa chuo walilipwa kuwa walezi wa wenzao wa sekondari, na hao mara nyingi waliaminika kuliko maofisa waliokuja na vipeperushi.

Kuwapata walengwa kulisumbua. Njia mojawapo ilikuwa msimbo wa posta: mitaa yote iligawanywa katika mafungu matano kufuatana na uwiano wa vijana wake wanaoingia vyuoni. Kwa kipimo hicho mtoto wa daktari anayeishi mtaa duni alihesabika, na mtoto wa mfagizi anayeishi mtaa wa wenye nacho akaachwa.

Fedha

Ada ya hadi £1,000 kwa mwaka ilianza 1998. Mwaka 2006 ukomo ulifikia £3,000, kwa sharti kwamba chuo kinachotoza zaidi ya kiwango cha msingi kieleze kitakavyowasaidia wenye kipato kidogo. Hivyo ada iliyowatisha maskini ikawa pia chanzo cha fedha za kuwashawishi. Posho ya hadi £30 kwa wiki, iliyowabakiza shuleni vijana wa miaka 16 hadi 18 wa kaya maskini, ilifutwa England mwaka 2011. Uskoti na Wales ziliendelea nayo.

Tathmini

Novemba 2010 waziri wa vyuo vikuu, David Willetts, alitangaza kwamba Aimhigher ingefungwa Julai 2011. Mwaka 2012 ukomo wa ada ukawa £9,000.

Pigo la kitaalamu kwa imani ya Aimhigher lilitoka kwa wachumi waliofuatilia kumbukumbu za mitihani za wanafunzi mmoja mmoja. Waligundua kwamba pengo la kuingia chuoni kati ya tajiri na maskini hutokana kwa kiasi kikubwa na alama za sekondari: wenye alama sawa hutofautiana kidogo tu. Kwa maneno mengine, kijana wa miaka 17 anayepelekwa kutazama maktaba ya chuo anaweza kuwa amekwishachelewa.

Vyuo vichache vilikwenda mbali zaidi ya ziara. King's College London, tangu 2001, hupokea wanafunzi wa udaktari wa shule za serikali kwa alama za chini kidogo na kuwapa miaka sita badala ya mitano.

Hali ya sasa

Ubia wa vyuo ulifufuliwa Januari 2017 katika maeneo 29, baadaye ukaitwa Uni Connect. Bajeti yake imepunguzwa tangu hapo. Takwimu zilizotolewa 2019 zilionyesha kiwango cha vijana kuingia elimu ya juu kimefika asilimia 50.2, juu kidogo ya nusu aliyoilenga Blair. Kuanzia kwa walioomba kuanza masomo mwaka 2026, insha binafsi ambayo mwombaji huiwasilisha kwa UCAS, shirika linalopokea maombi ya vyuo, imegawanywa kuwa maswali matatu.